Lugha Isiyo na Jiwe la Msingi

"Ya come ya usted?" Mama muuza satti, nyama ya kuchoma ya vijiti, aliniuliza kabla sijavuta kiti. Alfajiri ilikuwa haijapambazuka vizuri, na moshi wa makaa ulikuwa umeshatanda juu ya meza zake. Maana yake: "Umeshakula?" Maneno yote yametoka Uhispania, lakini mwendo wa sentensi si wa Kihispania hata kidogo. Nipo Zamboanga, kusini mwa Ufilipino, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mindanao, katika mji wa watu wapatao milioni moja. Lugha ya soko hapa ni Kichavacano. Nimekuja nikiwa na swali moja tu: lugha hii aliizaa nani?

Ukiuliza mjini, vidole vyote vinaelekea upande mmoja, kwenye ngome ya Pilar. Leo ndani yake mna makumbusho ya taifa, na nje ya ukuta wa mashariki watu huwasha mishumaa mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Masimulizi yanasema jiwe la msingi liliwekwa tarehe 23 Juni 1635. Walikuja maofisa wa Kihispania, askari kutoka Meksiko, mafundi kutoka Cavite, na vibarua kutoka Cebu, Bohol na Panay. Hawakuwa na lugha moja, kwa hiyo wakaokota maneno ya mabwana wao na kuyapanga kwa desturi za makwao. Masimulizi haya ni mepesi kukumbuka na yana tarehe kamili. Lakini je, tangu lini lugha ikazaliwa siku moja na ukuta?

Nikaanza kuhesabu miaka. Mwaka 1662 watawala wa Manila walihofia kushambuliwa kutoka Taiwan, wakaviita vikosi vyao vya mbali virudi kuulinda mji mkuu. Mwaka 1663 ngome ya Zamboanga ikaachwa tupu. Kikosi hakikurudi hadi ngome ilipojengwa upya mwaka 1718 na 1719. Hapo katikati pana zaidi ya nusu karne bila kikosi wala zamu ya ulinzi. Mtoto aliyezaliwa siku askari wanaondoka angeziona mvi zake kabla ya kuwaona wakirudi. Kama lugha ilizaliwa 1635, nani aliilea miaka yote hiyo?

Nikageukia hati za kale. Nilisoma barua za maofisa na mapadri wa zama hizo zilizochapishwa upya, ukurasa baada ya ukurasa. Zinazungumzia mashambulizi, mchele, ubatizo na kuta za kukarabati. Sikuona mahali mpishi anamjibu askari, wala mke anamwita mumewe aje kula. Maandishi yanayoonyesha usemi wa watu wa kawaida wa mji huu huanza kuonekana karne ya 19, wakati lugha imeshakomaa. Njia ya karatasi ikaniishia hapo. Kama waliokuwa na kalamu hawakusikiliza, ushahidi mwingine utatoka wapi?

Ipo hoja ya wanaisimu, iliyopata nguvu miaka ya 1950. Inasema chimbuko la lugha ni Ternate, kisiwa cha karafuu huko Maluku. Wakristo wa huko walihamishwa hadi Ghuba ya Manila, na mpaka leo kuna mji uitwao Ternate mkoani Cavite. Watu wa pande hizo nao wana Kichavacano chao. Kwa hoja hii, lugha ilisafiri kutoka Maluku hadi Manila, kisha ikashuka Zamboanga ikiwa tayari imeiva. Ni njia ndefu, na mtu anaweza kuichora kwenye ramani. Lakini ukiijaribu kwa neno moja dogo la kila siku, itasimama?

Neno nililochagua ni "sisi". Cavite husema "nisos", na ndani yake Kihispania kinasikika waziwazi. Zamboanga wana maneno mawili. Nilimwomba mama muuza satti anifafanulie. Akajigusa kifuani, akanigusa bega, akasema "kita": mimi na wewe pamoja. Kisha akawaonyesha binti zake wawili waliokuwa wakipepea makaa, akasema "kame": sisi hawa, wewe haumo. Maneno yote mawili yana asili ya lugha za Visaya, za visiwa vya kati. Sisi Waswahili hutumia "sisi" moja kwa hali zote mbili, kisha tunalazimika kuulizana, "Sisi nani?" Watu huazima jina la sahani au la sufuria kwa urahisi, lakini "sisi" haiazimwi kirahisi hivyo. Kama lugha ilifika ikiwa kamili, kwa nini iliiacha "sisi" yake na kuchukua ya jirani?

Nikazidi kusikiliza. "Ta come yo": ninakula. "Ya come yo": nilikula. "Ay come yo": nitakula. Kitenzi hakibadiliki, kinatanguliwa na kipande kidogo kinachobeba wakati, na kitenzi chenyewe humtangulia mtendaji, kama zilivyo lugha za visiwani. Lugha yenye kanuni zilizonyooka hivi haiwezi kuitwa Kihispania kilichovunjika. Hata hivyo, jina lake linatokana na neno la Kihispania lenye maana ya kitu duni, kisicho na adabu. Hilo liliniuma. Sisi tunasema meza na bendera, tuliyoyapokea kwa Wareno. Wao wanasema "mesa" na "bandera", waliyoyapokea kwa Wahispania. Hatujawahi kukubali kwamba meza zetu zinakifanya Kiswahili kuwa Kireno kibovu. Kwa nini basi watu wa Zamboanga wabebe tusi kama jina?

Hata jina la mji lina masimulizi mawili. Wageni huambiwa kwamba Zamboanga maana yake ni mahali pa maua, na mji hujiita Mji wa Maua. Lakini maandishi ya kale ya Wahispania yana "Samboangan", na wanaolichunguza neno hilo hulihusisha na lugha ya Wasama, watu wa bahari: mahali pa kufungia vyombo kwenye mti uliosimikwa majini. Maua yanapendeza zaidi, ila ushahidi unaegemea kwenye mti wa kufungia mashua. Nilisimama ufukweni nikizitazama vinta, mashua za tanga lenye mistari ya rangi kali. Kama hapa palikuwa bandari kabla ya ngome, kwa nini hadithi ya lugha ianzie kwenye ngome?

Nikarudi kwa mama yule, na safari hii nikalitazama bakuli vizuri. Satti ni vijiti vya nyama ya kuku au ng'ombe iliyochomwa, ndugu wa mishkaki yetu. Huja pamoja na vipande vya wali uliopikwa ndani ya majani, vyote vikiogelea katika mchuzi mzito wa rangi ya machungwa. Mchuzi huanza kwa utamu, kisha pilipili inashika koo. Chakula hiki ni cha Watausug, Waislamu wa visiwa vya Sulu, na asili ya vijiti ni ulimwengu wa Wamalay. Pilipili ina asili ya mabara ya Amerika, kama "camote", yaani kiazi kitamu, na jina lake la Kimeksiko. Huenda vilikuja kwa merikebu za Acapulco na Manila, zilizofanya safari kuanzia 1565 hadi 1815. Meza ya pili, familia ya Kikristo ilikula bakuli lilelile. Nani angethubutu kutaja siku mchuzi huu ulipozaliwa?

Hapo ndipo ninaposimama. Mwaka 1635 uliwakutanisha watu. Mwaka 1719 uliwarudisha, na Wahispania wakakaa hadi 1899, muda wa kutosha watoto kurithi usemi wa wazazi na kuupitisha mbele. Ghuba ya Manila huenda ilichangia maneno. Visaya ilitoa "sisi". Lugha hii ilikuja kwa mawimbi, na walioiunda ni wapishi, vibarua, wachuuzi na mama zao, ambao hakuna jiwe linalowataja. Mama muuza satti alinijazia mchuzi, akavuta kiti, akala nami, na mara hii akasema "kita". Ni hati gani ingeniambia zaidi ya hapo?