Mchele wa Kilombero na Gharama ya Kung'aa

Mnunuzi wa mchele akifika Mngeta, katika Bonde la Kilombero nchini Tanzania, huzamisha mkono kwenye gunia, akatandaza punje kiganjani, akapuliza vumbi na kuzigeuza juani. Punje ndefu, nzima na zenye mng'ao hupanda bei. Zilizofifia, zilizojaa chenga, hushuka.

Zamani hakukuwa na mng'ao wa kutafuta. Wandamba, wenyeji wa bonde hili, walilima mpunga muda mrefu kabla ya reli kufika, na kazi ya kuukoboa ilikuwa ya kinu na mchi: kutwanga, kupepeta kwa ungo, kutwanga tena. Ganda lilitoka, lakini utando mwembamba wa pumba ulibaki kwenye punje, ukaipa rangi ya kahawia hafifu.

Mashine zilibadili hali hiyo. Mwaka 1885, huko Brazili, Evaristo Conrado Engelberg alibuni mashine ya kukoboa yenye silinda ya chuma, na mashine za mtindo huo zikaenea Afrika. Hutoa ganda na pumba kwa mkupuo mmoja, lakini huvunja punje nyingi. Mitambo ya baadaye ikagawanya kazi: kwanza ganda, kisha kusugua, na mwisho maji machache hunyunyizwa ili punje ilainike na kung'aa.

Soko nalo lilifunguka. Reli ya TAZARA, ya kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita bondeni kupitia Ifakara na Mlimba. Hapo Mngeta, Wakorea Kaskazini walianzisha shamba kubwa la mpunga miaka ya 1980, na baadaye kampuni ya Kilombero Plantations ikalima kwenye shamba hilo lenye karibu hekta 5,800.

Lakini pumba inayosuguliwa ili mchele ung'ae sokoni ndiyo yenye vitamini B1. Miaka ya 1890, huko Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu, na wakipewa pumba wakapona. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Mashineni pumba haitupwi. Hufungwa kwenye viroba na kwenda kwa wafugaji. Kwa hiyo kuku wa Mngeta hula kile walichokikosa kuku wa Java, na sisi tunalipa zaidi ili tukikose.