Kivinjari na Zana Zake: Historia Fupi ya Istilahi, kwa Kuangalia Mahitaji ya Pemba

Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi haikamiliki siku orodha inapochapishwa. Hukamilika siku mwalimu, karani au mkulima anapolisikia neno na kujua mara moja lifanyalo kazi gani. Makala haya yanakusudia kulipima jambo hili kwa kuchunguza historia ya kundi dogo la istilahi, zile za kivinjari, yaani programu itumikayo kufungua na kusoma kurasa za mtandao. Ndani ya programu hiyo zimo zana nyingi ambazo mtumiaji amekwisha pewa bila malipo ya ziada, lakini nyingi hukaa bila kuguswa. Hoja yetu ni kwamba sehemu ya sababu hiyo ni majina yake.

Tumechagua kulitazama suala hili kutoka Pemba kwa sababu mbili. Kwanza, kisiwa hicho kina hazina kubwa ya Kiswahili cha kazi: cha bahari, cha bandari na cha mashamba ya mikarafuu. Pili, huko matumizi ya kompyuta yalichelewa kupata msingi wake wa kwanza, yaani umeme wa uhakika. Pemba iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2010, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Kwa hiyo watu wengi walikutana na mtandao kwa mara ya kwanza kwa njia ya simu ya mkononi, na wanaulipia kwa vifurushi. Mtumiaji wa namna hiyo hana budi kunufaika na kila kilichomo ndani ya kivinjari chake, kwani kufungua tena ukurasa aliokwisha kuusoma kwaweza kumgharimu upya.

Asili ya jina lenyewe

Kivinjari cha kwanza kiliandikwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva. Mwaka 1993 kilitokea kivinjari cha Mosaic, kilichotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, nacho ndicho kilichowavuta watu wasio wataalamu kwa kuweka picha na maandishi pamoja katika ukurasa mmoja.

Waingereza waliipa programu hiyo jina litokanalo na kitenzi ambacho hapo kale kilimhusu mnyama anayechuma majani machanga, akionja huku na kuonja kule. Baadaye kitenzi hicho kilipata maana ya mtu anayepitiapitia vitabu dukani bila haja maalumu. Mfasiri wa Kiswahili angeweza kumfuata mbuzi huyo hadi kichakani. Hakufanya hivyo, na Kiswahili kikapata faida. Kitenzi kilichochukuliwa ni kuvinjari, yaani kuzungukazunguka huku ukiangalia, kama afanyavyo mlinzi au chombo cha doria. Kikaongezewa kiambishi ki- cha ala, nacho hakikuhitaji kubadilishwa mwisho wake.

Tofauti ya picha hizi mbili si ndogo. Mbuzi huokota anachokikuta. Anayevinjari ana macho wazi, ana njia, na ana jambo analolitafuta. Kwa watu wa kisiwani picha hii haihitaji maelezo marefu.

Majina yaliyofaulu

Mnamo Desemba 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Makampuni makubwa ya nje nayo yalitoa tafsiri zao. Kivinjari cha Chrome cha kampuni ya Google, kilichoanza kutolewa mwaka 2008, leo kina Kiswahili miongoni mwa lugha zake, na mtumiaji anaweza kukichagua katika mipangilio. Istilahi zilizomo humo ndizo ambazo wananchi hukutana nazo kila siku, wawe wamezisoma katika orodha za Mabaraza au la.

Mfano wa kwanza ni alamisho. Neno hili limetokana na kualamisha, kwa utaratibu ule ule uliotupa onyesho kutokana na kuonyesha na fundisho kutokana na kufundisha. Hutaja anwani ya ukurasa iliyowekwa ili msomaji aurudie bila kuutafuta upya. Kwa Kiingereza picha iliyotumika ni ile ya utepe unaowekwa ndani ya kitabu. Kwa Kiswahili neno alama limeipanua picha hiyo. Mvuvi wa Kojani anayeurudia mwamba wake hutazama alama zilizoko nchi kavu, na hakuna aliyemfundisha kwa Kiingereza. Mwalimu akimwambia mwanafunzi wa Kojani kwamba alamisho ni alama ya kurejea mahali palipo na samaki, amemaliza somo. Imebaki kumwonyesha tu kwamba katika kompyuta hubonyezwa kitufe cha Ctrl pamoja na herufi D.

Mfano wa pili ni kupakua, pamoja na nomino yake vipakuliwa. Kitenzi hiki kilikuwa na kazi mbili tangu zamani: kushusha shehena kutoka chomboni, na kutoa chakula chunguni kukitia sahani. Kinyume chake ni kupakia. Bandarini Mkoani au Wete maneno haya mawili husikika kila chombo kinapofika. Kulihamishia jozi hii kwenye faili zinazotoka na kwenda mtandaoni lilikuwa tendo la busara, maana mwelekeo wa mzigo umo ndani ya neno lenyewe. Aliyeipakua faili ameiteremsha kwake, na anaweza kuifungua hata kifurushi kikiisha. Vivyo hivyo amri ya kuchapisha, Ctrl pamoja na P, huweza kuugeuza ukurasa mzima kuwa faili ya PDF, ikahifadhiwa kwa ajili ya darasa lisilo na mtandao. Zana hii imo ndani ya vivinjari vingi vya kompyuta, lakini imefichwa chini ya neno linalomfanya mtu afikirie karatasi peke yake.

Majina yenye walakini

Kundi la pili ni la istilahi ambazo zimeenea lakini zinampotosha mtumiaji au hazimpi picha yoyote. Tutataja tatu.

Ya kwanza ni kichupo. Neno hili hutaja kila ukurasa uliofunguliwa katika dirisha moja, na ncha yake huonekana juu ya kioo. Zana yenyewe ilienea sana baada ya kivinjari cha Firefox kutolewa mwaka 2004. Picha ya asili imetoka masjala: ni kile kijisikio kinachochomoza juu ya kadi au jalada ili karani aione namba bila kulitoa jalada lote. Watumishi wa serikali wanakijua kijisikio hicho kwa miaka mingi. Lakini neno kichupo haliwakumbushi masjala, bali huwavuta kwenye chupa. Matokeo yake ni kwamba mtu hulitumia neno kwa kukariri, wala halimsaidii kubuni kwamba anaweza kufungua majalada kadhaa kwa pamoja, au kwamba alilolifunga kwa bahati mbaya anaweza, katika kompyuta, kulirudisha kwa kubonyeza Ctrl, Shift na T.

Ya pili ni historia, yaani orodha ya kurasa zilizokwisha kufunguliwa. Hapa neno si geni. Tatizo ni kwamba ni zito kupita kiasi. Shuleni historia ni habari za Mkama Ndume na ngome ya Pujini, au za Mapinduzi ya 1964. Mtu anayetafuta ukurasa alioufungua juzi hahisi kwamba anatafuta historia. Neno kumbukumbu, au hata nyayo, lingemfikisha upesi zaidi, na pia lingemkumbusha kwamba anayeacha nyayo huweza kufuatwa.

Ya tatu ndiyo yenye hatari, nayo ni fiche, kama katika dirisha fiche au hali fiche. Dirisha hilo likifungwa, kivinjari hakiweki katika kifaa hicho orodha ya kurasa zilizosomwa. Ni zana nzuri sana katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi, kama ile ya ofisi au ya chumba cha walimu. Lakini haimfichi mtumiaji mbele ya mwajiri anayesimamia mtandao, wala mbele ya kampuni iletayo huduma ya intaneti, wala mbele ya tovuti aliyoitembelea. Neno fiche humwahidi mengi kuliko yaliyomo. Ahadi ya namna hii ilifika mahakamani nchini Marekani: mwaka 2020 Google ilishtakiwa kuhusu data zilizokusanywa wakati watu wakitumia dirisha hilo, na mwaka 2024 ikakubali katika mapatano kufuta kumbukumbu nyingi na kurekebisha maelezo yake. Hapana shaka kwamba mfasiri alitafsiri kwa uaminifu alichokiona. Lakini uaminifu kwa neno la asili haukuwa uaminifu kwa msomaji. Dirisha lisiloweka kumbukumbu ni jina refu, lakini halidanganyi.

Zana isiyo na jina

Iko pia zana muhimu ambayo haijapata nomino yake. Ni ile ya kutafuta neno ndani ya ukurasa uliofunguliwa, kwa Ctrl pamoja na F. Karani aliye na sheria ya kurasa 80 mbele yake, naye ataka kifungu kimoja kinachotaja mirathi, huweza kukifikia kwa nukta chache. Katika orodha ya kivinjari zana hiyo huitwa kwa maneno ya amri tu, na kwa kuwa maneno hayo yanafanana na yale ya kutafuta mtandao mzima, wengi huzichanganya kazi hizo mbili. Kitu kisicho na jina ni vigumu kukifundisha, na ni vigumu zaidi kukiuliza.

La kufanya

Kutokana na mifano hii tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar, lililoundwa mwaka 2004, yasisubiri istilahi zikiwa zimekwisha enea ndipo yazikague. Kampuni hubadilisha maneno yake kila inapotoa toleo jipya, na hapo ndipo penye mlango wa kushauriana nayo.

Pili, istilahi ijaribiwe kwa watu kabla ya kusanifishwa. Neno na lipelekwe kwa mwalimu wa Micheweni na karani wa Chake Chake, waulizwe tu: hiki kinafanya kazi gani? Jibu lao ni ushahidi mzito kuliko hoja nyingi za mezani.

Tatu, hazina ya lahaja itumiwe. Mwaka 2012 Baraza la Zanzibar lilichapisha Kamusi la Lahaja ya Kipemba. Kitabu cha namna hiyo kisiwe cha kuhifadhia maneno ya wazee peke yake, bali kiwe ghala ambamo mfasiri huingia kwanza kabla hajatunga neno jipya. Kuvinjari, kualamisha na kupakua yameonyesha kwamba neno lililokwisha kufanya kazi baharini na bandarini huanza kazi mpya likiwa na uzoefu.

Mtumishi wa Wete asiyejua jina la zana iliyomo mkononi mwake ataendelea kuilipia mara mbili: mara moja kwa kifurushi, na mara ya pili kwa muda wake. Kumwondolea gharama hiyo ni kazi ya istilahi, na ni kazi iliyo ndani ya uwezo wetu.