Mstari, Kivuli na Rangi chini ya Mlima Meru

Katika maduka ya vinyago mjini Arusha ni nadra kuona ukuta usio na picha ya twiga. Twiga huyo ana historia yake, ndugu msomaji, nayo inamhusu hata kijana anayejifunza leo kuchora kwa kidole juu ya kioo cha simu, akitumaini siku moja kula kwa kazi hiyo.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Shule ya uchoraji hakuiona. Alikuwa na mbao nyembamba za dari na makopo machache ya rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli. Rangi hiyo hung'aa, huchelewa kukauka, na ukiigusa kabla ya wakati wake huvurugika. Basi alipaka uwanja kwanza, mara nyingi kwa rangi moja, akangoja. Ndipo akamweka mnyama katikati, kisha madoadoa juu yake. Kivuli karibu hakuna. Mnyama husimama kwa nguvu ya ukingo wake tu, na ukingo ukiyumba hapana kitufe cha kurudi nyuma.

Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Kazi ikabaki kwa jamaa na wanafunzi wake, wakiwamo January Linda, Ajaba Abdallah na Simon Mpata, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika. Watalii walipozidi kutaka tembo mbele ya Kilimanjaro, zikaingia mbingu za rangi zilizoyeyushwa taratibu kutoka njano hadi nyekundu. Sizichukii. Ila zimeficha mistari mingi mibovu.

Kijana wa simu naye hupewa brashi ya kulainisha kabla hajajua kuvuta mstari. Humpulizia twiga weusi kila upande, mnyama akawa kama ametoka jikoni penye moshi. Na atoke nje autazame Mlima Meru, mita 4,566, kaskazini mwa mji. Asubuhi jua huupiga kutoka kulia, na kivuli cha makorongo hulalia kushoto. Jioni mambo hugeuka (mawingu yakipenda, maana Meru haumwahidi mtu). Tena kivuli chenyewe si cheusi. Kwa mbali ni buluu, na penye msitu ni kijani kizito.

Programu za kuchorea zina matabaka: mstari juu, kivuli katikati, rangi chini, kila moja likirekebishwa peke yake. Ndiko kule kungoja kwa Tingatinga, isipokuwa hakuna kungoja. Azime kivuli na rangi, abaki na mstari mtupu. Twiga akiwa bado twiga, arudishe rangi mbili tatu, zisizidi. Akiwa mbuzi mwenye shingo ndefu, auchore ukingo upya, kwa mvuto mmoja mrefu unaoanzia begani, si kwa vimistari vya kudonoadonoa.