Maktaba na hifadhi za kidijitali: kumbukumbu za Kiswahili zimetunzwa wapi, na kwa sura gani?

Mkaazi wa Bujumbura, Kigali au Kampala anayetaka kuona hati iliyoandikwa Lamu, kusikiliza ngoma iliyorekodiwa miaka ya 1950 au kufuatilia ushahidi uliotolewa mahakamani Arusha halazimiki tena kuvuka mpaka. Sehemu ya kumbukumbu hizo imekwisha wekwa kwenye mtandao wa intaneti. Hata hivyo hazikai mahali pamoja, wala hazina sura moja. Makala haya yanaeleza aina zake kuu, mahali zilipo na vikwazo vinavyomkabili anayezitafuta.

Maktaba na hifadhi ya nyaraka

Maktaba ya kidijitali hukusanya zaidi vitabu, magazeti na majarida, yaani maandishi yaliyochapishwa kwa nakala nyingi. Hifadhi ya nyaraka, ambayo nchini Kenya huitwa makavazi, hutunza vitu ambavyo aghalabu havina nakala ya pili: barua, majalada ya serikali, kumbukumbu za mahakama, picha na sauti. Tofauti hiyo si ya jina tu. Kitabu kikipotea London, huenda kikapatikana Berlin. Barua ikiteketea bila kupigwa picha, imekwisha.

Hati za mkono

Miongoni mwa maandishi ya kale ya Kiswahili yanayojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati ya Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, nchini India. Chuo cha SOAS cha London nacho kina mikusanyo mikubwa ya tenzi na barua za pwani, iliyokusanywa na watu kama William Taylor, William Hichens na J. W. T. Allen.

Mfano wa namna nyingine ni hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu. Hizo zilipigwa picha chini ya mpango wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ulioanzishwa mwaka 2004 na kusimamiwa na Maktaba ya Uingereza. Kanuni ya mpango huo ni kwamba hati asilia haiondoki katika nchi yake. Kinachosafiri ni picha tu.

Vitabu vilivyopita muda wa hakimiliki

Maktaba ya Internet Archive, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996, inaruhusu kusoma bila malipo vitabu vya zamani kama mwongozo wa Kiswahili wa Edward Steere wa mwaka 1870 na kamusi ya Ludwig Krapf ya mwaka 1882. Vitabu hivyo vinapatikana kwa kuwa muda wa hakimiliki umekwisha. Ndiyo sababu msomaji aghalabu hupata kwa urahisi zaidi kitabu cha karne ya 19 kuliko riwaya ya miaka ya 1980.

Sauti na picha

Maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954, sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Inatunza rekodi alizozifanya katika nchi nyingi za bara hili, zikiwamo za Afrika Mashariki. Kwa upande wa picha, Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani kina mkusanyo wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki zilizopigwa kati ya mwaka 1860 na 1960.

Mahakama na ushuhuda

Mahakama ya kimataifa kuhusu Rwanda iliundwa mwaka 1994 na kufunga shughuli zake mwishoni mwa mwaka 2015. Nyaraka zake zilibaki Arusha, mikononi mwa chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi zake. Hukumu, vielelezo na rekodi za vikao vya hadhara vinaweza kutafutwa mtandaoni. Yale yanayoweza kuwafichua mashahidi waliolindwa hayaonyeshwi. Mjini Kigali, hifadhi ya nyaraka za mauaji ya kimbari ilifunguliwa kwa umma mwaka 2010, nayo ina ushuhuda wa manusura uliorekodiwa kwa sauti na picha.

Kiswahili cha watu wa kawaida

Si kila kilichohifadhiwa kimeandikwa na wasomi au watawala. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa majumbani, historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha Katanga. Andiko hilo limewekwa mtandaoni pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na humo ukoloni unasimuliwa na waliopika na kufua.

Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni majina. Nyaraka za zamani zimeorodheshwa kwa majina ya wakati wake. Anayetafuta Bujumbura hana budi kujaribu pia Usumbura. Lubumbashi imo chini ya Elisabethville, Kisangani chini ya Stanleyville, na Kalemie chini ya Albertville. Katika orodha za Kijerumani, Zanzibar huandikwa Sansibar na Kiswahili huandikwa Suaheli. Aidha maelezo mengi yameandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani, hata pale hati yenyewe ilipo ya Kiswahili.

Cha pili ni usiri. Mwaka 2011, wazee wa Kenya walipoishitaki serikali ya Uingereza kuhusu mateso ya wakati wa Mau Mau, ilibainika kwamba majalada takriban 8,800 kutoka makoloni 37 yalikuwa yamefichwa Hanslope Park. Majalada hayo yalisaidia kesi. Mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kuwalipa waathirika 5,228. Yalifunguliwa kwa umma kuanzia mwaka 2012, lakini kufunguliwa si sawa na kuwekwa mtandaoni: jalada lisilopigwa picha lazima lifuatwe lilipo.

Cha tatu ni udhaifu wa mitambo yenyewe. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na huduma zake nyingi za kidijitali zikakatika kwa miezi kadhaa. Walioweza kuendelea na kazi ni wale waliokuwa wamejiwekea nakala.

Kwa hiyo mtafutaji hushauriwa kuandika nambari ya rejea ya kila hati aliyoiona, kuhifadhi nakala pale sheria inaporuhusu, na kumwandikia mtunza nyaraka pale orodha inapokuwa kimya. Nao wenye barua na daftari za mababu sandukuni wajue kwamba kuzitoa zipigwe picha si kuzitoa mkononi. Hati za Lamu zinasomwa mbali, ilhali zenyewe zimebaki Lamu.