Karanga za Kwenye Karatasi

Ekari 3,210,000. Hicho ndicho kiasi cha ardhi ambacho Waingereza, mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili, walipanga kukifyeka na kukipanda karanga katika Afrika Mashariki na Kati. Hawakusema “kama milioni tatu hivi”. Walisema milioni tatu, laki mbili na elfu kumi. Ukitajiwa namba ya namna hiyo unaamini kwamba kuna mtu aliyeipima. Kumbe ilizidishwa tu: mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Themanini yangekuwa Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na 10 Kenya.

Kwa kawaida kisa cha Mradi wa Karanga husimuliwa kama kichekesho: wazungu, matrekta na mibuyu iliyogoma kuanguka. Mimi nasomea uzamili wa takwimu, na kila nikikisoma naona kitu kingine. Naona namba iliyozidishwa ikivaa nguo za namba iliyopimwa, na watu wazima wenye elimu wakiipigia saluti.

Tuwatendee haki kwanza. Njaa ya mafuta Uingereza ilikuwa ya kweli. Vita vilikwisha lakini mgao wa chakula uliendelea. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, aliipelekea serikali wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Wakatumwa wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Hakuwa mgeni wala mjinga. Lakini walipewa muda mfupi. Ziara yao ilichukua wiki tisa hivi, na sehemu kubwa ya ardhi waliitazama kutoka kwenye ndege.

Walizunguka katikati ya mwaka, wakati wa kiangazi. Kongwa, mahali palipochaguliwa kuanzia, iko ukanda wa Dodoma, ambako mvua huanza karibu na Desemba na kukatika Aprili. Kwa hiyo zao linalotegemea mvua lilipangiwa ardhi na ujumbe ambao katika ziara yake haukushuhudia hata msimu mmoja wa mvua. Kilichobaki kilikuwa kutegemea rekodi, na rekodi za mvua za eneo lile zilikuwa chache.

Hapo ndipo wastani unapoponza watu. Chukua mfano wa kubuni: kijiji A kinapata milimita 500 za mvua kila mwaka. Kijiji B kinapata 750 mwaka huu na 250 mwaka unaofuata. Kwenye karatasi ya mpangaji, vijiji hivi ni mapacha. Kwa mkulima, kimoja kinalimika na kingine kinaua. Wastani umesema kweli, lakini umenyamazia mtawanyiko, na mmea haunyweshwi wastani.

Wagogo walikuwa na rekodi yao. Njaa kubwa za Ugogo zina majina. Mtunya, ile ya 1918 hadi 1920, ililetwa na ukame pamoja na majeshi ya Wajerumani na Waingereza yaliyochukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Mwaka 1946 mtu mzima yeyote wa Kongwa aliweza kukusimulia. Mwanatakwimu atakukumbusha kwamba kumbukumbu za watu zina upendeleo: huhifadhi miaka mibaya na kusahau ya kawaida. Ni kweli, ila miaka mibaya ndiyo hasa iliyokosekana kwenye hesabu za mradi. Watu waliopanda mtama na uwele na kuweka akiba yao kwenye mifugo walikuwa tayari wameishi na ule mtawanyiko kwa vizazi.

Kisha ikaja imani katika mashine. Ili mpango ufaulu, ilibidi matrekta yapatikane, yafike kwa reli, visiki ving'oke, udongo ukubali na mvua inyeshe. Tuseme kila sharti lilikuwa na nafasi ya asilimia 80 ya kutimia, na hakuna linalotegemea jingine. Kila moja peke yake linatia moyo. Zidisha yote matano: unabaki na asilimia 33 tu. Huku ndiko kuzidisha kulikohitajika, na hakukupewa uzito.

Matrekta mengi yaliyofika yalikuwa mabaki ya vita, yamechoka. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mizizi ilivunja vyuma, mchanga mkali ulikula makali ya majembe, na udongo wa Kongwa ukikauka uliganda kama saruji, karanga zikiwa ndani. Mwaka 1947 lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa takriban 7,500. Januari 1951 serikali ilitangaza kuachana na mpango huo, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni. Makadirio ya awali ya mradi mzima yalikuwa kama milioni 24.

Kwa nini hawakuanza na shamba dogo la majaribio kwa misimu michache? Kwa sababu jaribio lilionekana kuwa ucheleweshaji. Waziri wa Chakula, John Strachey, alikuwa ameshautetea mradi hadharani, na namba ikishatajwa bungeni, anayeomba ipimwe huonekana adui wa maendeleo.

Lugha hiyo bado tunaisikia. Leo trekta limebadilika jina. Linaitwa akili mnemba. Tunaambiwa programu itamshauri mkulima lini apande, na itafikia mamilioni. Huenda itasaidia kweli, na mimi ningefurahi. Lakini kabla ya kupiga makofi, tuulize maswali ya Kongwa. Namba hii imepimwa au imezidishwa? Ilijaribiwa wapi, kwa misimu mingapi, ikilinganishwa na wakulima wasioitumia? Mwaka mbaya ukija, hasara ni ya nani? Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Uingereza ilifuta deni kwa kalamu. Mkulima aliyepoteza mbegu na msimu hana kitabu cha kufutia.

Sehemu ya ardhi ya mradi ule Kongwa baadaye ikawa ranchi. Ng'ombe wanalisha palipopangiwa karanga. Matumizi hayo wenyeji wangeweza kuyapendekeza mwaka 1946, kama wangeulizwa.