Kingamwili kutoka Ngao hadi Chombo: Historia ya Dhana na Athari Zake Mpakani Busia na Tororo

Makala hii inafuatilia historia ya dhana ya kingamwili na kudai kuwa istilahi hiyo imebeba maana mbili zinazopaswa kutenganishwa, hasa katika maeneo ya mpakani ambako utafiti wa malaria umeshamiri.

Mwaka 1890, Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walionyesha kuwa majimaji ya damu ya mnyama aliyechanjwa dhidi ya pepopunda huweza kumkinga mnyama mwingine. Kingamwili ilikuwa ngao. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, waliunganisha seli za panya na seli za saratani, wakapata kingamwili za aina moja zinazozalishwa mfululizo. Ngao ikawa pia chombo cha kutambulia. Leo mtafiti wa aktini, protini inayojipanga kuwa nyuzi ndani ya seli, hutumia kingamwili za maabara kuzitambua protini zinazosimamia mpangilio huo, kama vile profilini.

Suala hili haliko mbali na Tororo. Kimelea cha malaria hutegemea aktini yake kupenya seli za binadamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kuwa mkazi wa Tororo aliumwa na mbu wenye vimelea mara 562 kwa mwaka. Kipimo cha haraka cha malaria, kinachotumika pande zote mbili za mpaka, nacho hutumia kingamwili za maabara kunasa protini ya kimelea katika tone la damu.

Mkanganyiko huanzia hapa. Kinga ya mwili ni hali ya kulindwa. Kingamwili ni protini inayonasa kitu mahususi. Mtu mzima anayethibitishwa kuwa na kingamwili za VVU ameambukizwa, hajakingwa. Vivyo hivyo, mzazi wa Busia anayeombwa damu ya mwanawe ili “kutafuta kingamwili” anaweza kudhani kuwa mtoto atapewa kinga. Ridhaa iliyojengwa juu ya dhana hiyo ina kasoro.

Kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, fomu za ridhaa zitazidi kukihitaji. Tunapendekeza istilahi ibaki, ila kila fomu itaje kingamwili inatoka wapi, inanasa nini, na iwapo inamkinga mtoaji damu.