Kadi ya Ted Lindsay

Wapo wanaoniuliza mwalimu wa historia ana shughuli gani na kadi za wachezaji wa hoki ya barafuni. Jibu langu huanza mwaka 1951. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekatiza uchapishaji wa kadi hizo nchini Kanada, na kampuni ya Parkhurst ya Toronto ndiyo iliyoufufua. Kwa hiyo kadi ya Maurice Richard ambayo wakusanyaji huiita ya uchipukizi ilitoka miaka tisa baada ya yeye kuingia ligi kuu. Chipukizi gani huyo! Gordie Howe naye alikuwa amengoja mitano.

Hata hivyo, tusiicheke karatasi ile. Televisheni ya Kanada haikuanza kurusha mechi zao hadi 1952. Mtoto wa mashambani aliyezoea kuwasikia redioni aliweza sasa kuwashika mkononi na kuwatazama usoni.

Katika seti hiyohiyo yumo Ted Lindsay wa Detroit. Nyuma ya kadi yake ni peupe, hakukuandikwa neno. Shabiki aliijua sura, mkataba hakuujua. Mwaka 1957 Lindsay aliwaongoza wenzake kuunda chama, wakidai, pamoja na mengine, waelezwe fedha za pensheni yao zilivyotumika. Klabu ikamhamishia Chicago, na chama kikasambaratika. Wachezaji walisubiri hadi 1967 kupata chama kilichodumu, na kufikia hapo Lindsay alikwisha kustaafu.